Kuvua Gatini na Mkwe Asiyenikosoa

Wengi wenu pale Biryogo mliniona nikipita asubuhi ile, begi begani na mwanzi wangu wa kuvulia mkononi, mkanitania. Mmoja aliuliza kama cherehani imekufa hata fundi anakwenda kuwa mvuvi. Nilicheka nanyi lakini sikusimama kueleza. Nilikuwa nimechoka, na maelezo yenyewe yalikuwa marefu. Leo nimekaa niwasimulie safari ile ya mwaka 1992 tangu mwanzo, kwa sababu nasikia bado mnaulizana kwa nini mlango wa Fundi Saidi una kufuli.

Binti yetu Zubeda ameolewa Tanga, na mumewe ni mwalimu wa shule ya msingi anayeitwa Hamisi. Vita vilipoendelea huko kwetu, Zubeda alituma maneno kwa dereva mmoja wa malori: "Mwambie baba wafunge nyumba, waje wakae nasi." Mke wangu Mariamu aliyasikia akiwa anachambua mchele. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema tu, "Wewe ndiye mwenye nyumba. Nenda ukaangalie."

Mimi sikutaka kuhama. Ile nyumba niliijenga mwenyewe, na pale barazani nimeshona tangu nikiwa kijana. Lakini baraza lenyewe lilikuwa limeanza kunichosha. Nguo zilizokwisha kushonwa zilijaa kwenye kamba na wenyewe hawaji kuzichukua. Wengine walikuwa wamehama, wengine waliogopa kuvuka mji kuja upande wetu, wengine sijui. Kulikuwa na suti ya bwana harusi niliyoifuta vumbi mpaka nikaichukia. Vijana wa vyama vya siasa walipita barabarani na filimbi zao, kila kundi na kofia zake, na sisi tulifunga milango jua likiwa bado juu. Redio ikawa kama mgonjwa ndani ya nyumba, kila mtu anaisikiliza inavyopumua.

Basi nilikwenda kuangalia jambo moja tu: je, huyu mkwe anatutaka kweli, au anatuita kwa adabu? Mkwe yeyote mwenye malezi atakwambia karibu. Hawezi kusema neno lingine. Na nilikuwa nimesikia kwamba kila alasiri Hamisi huvua samaki kwenye gati, na kwamba kitoweo cha nyumba ile hutoka baharini. Nikajiambia, mimi nimevua ziwa Muhazi miaka mingi siku za Jumapili. Nikiweza kuleta kitoweo, sitakuwa mzigo kwa mtu. Ndiyo maana mkaniona na mwanzi.

Gikondo, asubuhi. Pale kwenye maghala niliungana na dereva anayeitwa Faustini, aliyekuwa akirudi Dar es Salaam na lori tupu. Aliutazama mwanzi wangu, kisha akanitazama mimi.

"Muzee, hii muti unapereka wapi? Huko hakuna muti?"

"Ni wa kuvulia samaki."

"Samaki ya bahari ni kubwa, muzee. Itabeba muti na wewe pamoja." Akaufunga juu ya lori kwa kamba, kwa upole zaidi ya maneno yake. "Sasa, kitamburisho weka mu mukono. Usiweke mu begi. Mbele iko bariyeri mingi."

Kweli zilikuwa nyingi. Katika kila kizuizi tulishuka, tukapanga mstari, tukapanda. Askari mmoja aliangalia kitambulisho changu, akaniangalia uso, akaangalia tena kitambulisho, kama mteja anayetafuta kasoro kwenye mshono. Sikuwa na kosa lolote. Baada ya Kayonza nililala nikiwa nimekishika mkononi, na nilipoamka Kibungo vidole vilikuwa vimekufa ganzi.

Rusumo. Tulivuka daraja mchana, maporomoko yakinguruma chini yetu, maji mekundu kwa udongo. Ng'ambo, askari wa Tanzania aligonga muhuri, akaniuliza naenda kufanya nini. Nikamwambia naenda kumwona mwanangu. Akasema, "Pole na safari, mzee," akashughulika na mtu mwingine. Hayo tu. Sikuwa nimeambiwa pole na mtu mwenye sare kwa muda mrefu, na nikaona aibu kwamba machozi yalinilengalenga kwa sababu ya neno dogo hivyo. Faustini alijifanya haoni.

Kutoka Ngara hadi Kahama, Kahama hadi Nzega, Nzega hadi Singida, sina mengi ya kuwaambia isipokuwa vumbi. Lilikuwa kwenye chai, kwenye mkate, kwenye masikio. Barabara ilitutikisa mpaka mgongo wangu, ambao umezoea kuinamia cherehani, ukakataa kuinama na ukakataa kunyooka. Singida upepo ulikuwa mkali hata Faustini akashuka kuukagua mwanzi wangu mara mbili. Dodoma tulipata lami na nikalala usingizi wa mtu aliyepigwa. Pale Chalinze njia zilipogawanyika, Faustini akanishusha.

"Muzee, kama kule ni kuzuri," alisema, "urudi kuchukua mama. Usikawie. Mimi niko napita hii njia kila wakati. Naona vitu."

Nilimuuliza vitu gani. Akafunga mlango wa lori, akanipungia mkono.

Tanga. Basi la kutoka Chalinze lilipita mashamba ya mkonge hadi nikadhani limezunguka palepale, kisha Muheza na machungwa yake, kisha hewa ikawa nzito na yenye chumvi. Zubeda alikuwa ananisubiri kituoni. Alinishika mikono yote miwili akasema nimekonda. Mumewe, kijana mrefu mwenye miwani, aliinama na kuniamkia, "Shikamoo baba," kisha akaninyang'anya begi na mwanzi. Aliugeuza ule mwanzi, akalitazama boya langu la kizibo, akafungua mdomo. Halafu akaufunga.

"Mwanzi mzuri, baba," akasema.

Nyumba yao ni ya vyumba viwili na ukumbi. Humo wanakaa wao, watoto wao, na mama mzazi wa Hamisi, Bi Tatu, ambaye anapenda kila kitu kiwe mahali pake. Walinipa chumba chao na kitanda chao. Nilipouliza wao watalala wapi, Zubeda alisema, "Nafasi ipo tele, baba," na Hamisi akaongeza, "Nyumba ni yako, baba." Asubuhi yake niliona mkeka umekunjwa nyuma ya mlango wa jiko la uani, na madaftari ya wanafunzi wa Hamisi yamepangwa juu ya ndoo ya mkaa. Nikaelewa walikolala.

Alasiri ya kwanza gatini. Lile gati ni la zamani, la zege, limeingia baharini kama meza iliyosahauliwa nje. Watu wamejipanga pembeni, kila mmoja na mshipi wake wa kuvulia umezungushwa kwenye chupa ya plastiki au kipande cha ubao. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na mwanzi. Nilipata mahali pazuri, nikafungua kopo langu la nyungunyungu niliowachimba nyuma ya bafu la Zubeda, nikamtia mmoja kwenye ndoana, nikatupa. Boya likakaa juu ya maji, jekundu, la kupendeza. Nikakaa kulitazama kama nilivyofanya Muhazi, nikisubiri lizame.

Halikuzama. Mkondo ulilichukua taratibu ukalipeleka chini ya gati, likagongana na nguzo. Nikalivuta, nikatupa tena. Likaenda tena. Yule nyungunyungu alikuwa amegeuka mweupe na kulegea kama uzi uliolowa. Nikaweka mwingine. Hamisi alikuwa hatua chache kando yangu akivuta samaki mmoja baada ya mwingine, akiwa na wasiwasi usoni kila anapopata, kama mtu anayekula mbele ya mgeni aliyefunga.

"Huku ni tofauti kidogo na Muhazi," nikasema.

"Kidogo, baba," akasema.

Sasa oneni. Huyu ni mwalimu. Kutwa nzima anasimama mbele ya watoto wa watu akiwaambia umekosea, rudia, futa. Lakini mimi ni baba wa mkewe. Mkwe wa pwani, na mkwe wa kwetu pia, atakatwa ulimi kabla ya kumwambia mkwewe anafanya vibaya. Basi alinitazama nikikosea, akateseka, akanyamaza.

Alasiri ya pili ilikuwa vilevile, jua likinichoma shingo. Ilipoingia saa ya kuswali niliegemeza mwanzi kwenye nguzo, nikaenda kutawadha na kuswali kwenye msikiti mdogo ulio karibu. Niliporudi, Hamisi alikuwa amesimama kando ya mwanzi wangu.

"Baba! Umepata!"

Kweli, mwishoni mwa uzi wangu alikuwa ananing'inia samaki aina ya changu, mnono. Watu gatini wakanipongeza. Nilimtoa kwenye ndoana kwa fahari, nikamshika, na hapo fahari ikaisha. Samaki alikuwa mkavu mgongoni. Na mdomoni alikuwa na matundu mawili. Mimi ni fundi, najua sindano ilipopita mara mbili. Tundu moja lilikuwa kubwa, limechanika, la samaki aliyepigana. La pili, la ndoana yangu, lilikuwa safi kama limetobolewa mezani.

Mwanamke aliyekuwa akivua upande wa pili, aliyejifunga kanga kiunoni, alitazama kopo langu la nyungunyungu, akamtazama Hamisi, kisha akageukia bahari mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Nilipokea pongezi. Nami nina adabu zangu. Tulikwenda nyumbani, Zubeda akampika yule changu kwa nazi, watoto wakaimba "samaki wa babu, samaki wa babu," na Bi Tatu akasema heri mzee anayejua kujitafutia. Nilimla. Alikuwa mtamu, lakini sikuomba kuongezewa. Kwa sababu nilikuwa nawaza hivi: kama mtu huyu anaweza kunitungika samaki kwenye ndoana ili nisione aibu, basi na lile "nyumba ni yako, baba" ni samaki wa namna ileile. Nimesafiri njia yote ile, mgongo umevunjika, na bado sijui nilichokuja kukijua. Nilitamani kuondoka kesho yake, nirudi kwenye baraza langu na zile nguo zisizo na wenyewe. Kule angalau shida ilikuwa yangu.

Kesho yake, Jumamosi, tulikwenda gatini mapema kwa sababu Hamisi hakuwa na shule. Maji yalikuwa yanajaa. Sikuufungua mwanzi. Niliuweka chini nikamwambia, "Mwalimu, kaa."

Akakaa.

"Yule changu ulimtungika wewe."

Alivua miwani akaifuta kwa shati. Haikuwa na uchafu. "Samahani baba."

"Sitaki samahani. Leo sahau kwamba nimekuzalia mke. Mimi ni mtoto wa darasa la kwanza na nimekosa hesabu zote. Nikosoe."

"Siwezi, baba."

"Basi nitaondoka Tanga bila kujua kuvua, na bila kujua mengine."

Yule mwanamke wa kanga alikuwa palepale, na nadhani alisikia, kwa sababu alisema bila kugeuka, "Mwalimu, mwambie mzee. Mateso gani haya ya kumwangalia mtu hivi."

Hamisi akavaa miwani. Na sauti iliyotoka sikuwahi kuisikia kabla. Nadhani wanafunzi wake wanaijua.

"Kwanza, toa hilo boya. Hapa si ziwani. Samaki tunaowataka wako chini, karibu na nguzo na mawe, na wewe unawatafuta juu. Pili, hao nyungunyungu mwaga. Maji ya chumvi yanawaua hata kabla samaki hajawaona. Tatu, mwanzi weka kando, unakuzuia kusikia."

"Kusikia nini?"

"Utasikia. Shika huu."

Akanipa mshipi mtupu uliozungushwa kwenye ubao. Mwishoni kulikuwa na chubwi, kile kipande cha risasi cha kuzamisha, na juu yake kidogo ndoana mbili. Akakata ngisi vipande vyembamba, akanionyesha jinsi ya kukipitisha kipande mara mbili kwenye ndoana kisitoke. Hilo nililiweza mara moja, ni kama kupiga bandi nguo kabla ya kuishona. Akasema nisitupe mbali, niuteremshe tu kando ya gati hadi chubwi liguse chini, kisha niuinue kiasi cha shubiri usinase kwenye mawe. Akasema hapa watu huangalia maji kabla ya saa, kwamba maji yakijaa samaki hufuata chakula hadi kwenye nguzo, na yakipwa yakaisha unaweza kwenda kulala.

"Sasa uzi upitishe juu ya kidole cha shahada. Sivyo. Umeukaza mno. Sivyo tena, baba, sasa umeulegeza. Hapo. Samaki akidonoa usivute. Anaonja. Akirudi mara ya pili akavuta yeye, ndipo nawe uvute."

Nilivuta mapema. Akanambia nimevuta mapema. Nikavuta tena mapema, akasema, "Baba, una haraka kama mtoto wa darasa la kwanza," akashtuka kwa aliyoyasema, na mimi nikacheka mpaka nikakohoa. Sijui ni lini mara ya mwisho nilicheka hivyo. Mshipi ukanasa kwenye mawe, akanifundisha kuunasua kwa kuhamia upande wa pili badala ya kuuvuta kwa hasira.

Halafu nikasikia. Ni kitu kidogo sana, kama mtu anayekugusa bega kwa kidole kimoja. Kikaja tena, kikavuta. Nikavuta. Aliyepanda juu alikuwa tasi mdogo, hazidi kiganja changu, mwenye miba mgongoni, na Hamisi akapiga kelele, "Usimshike hivyo, atakuchoma!" Akanichoma. Kidole kiliwaka moto hadi kwenye kiwiko. Lakini alikuwa na tundu moja tu mdomoni, na ndoana ilikuwa yangu.

Hapo, kidole kikiniuma, nikamuuliza. "Na lile la kuhamia kwenu? Unataka tuje, au unaniheshimu?"

Alitazama maji. Kisha akajibu kwa ile sauti ileile ya darasani, na namshukuru kwa hilo.

"Nafasi hakuna, baba. Umeona tunakolala. Mama yangu ni mgumu, atagombana na mama Zubeda wiki ya kwanza kwa sababu ya sufuria. Cherehani itakaa barazani na mvua ikija tutaibeba ndani na hatutaenea. Kuna siku kitoweo kinakosekana. Haya yote ni kweli." Akauinua mshipi wake kidogo. "Na nataka mje. Zubeda akisikia taarifa ya habari inataja kwenu anaacha kula. Nimeificha redio, anakwenda kusikiliza kwa jirani. Nilitaka kukuandikia nikwambie ondokeni, ondokeni sasa. Lakini nitamwambiaje baba mkwe aiache nyumba yake?"

"Kama ulivyoniambia nimwage nyungunyungu," nikasema.

Akanifunga kidole kwa kitambaa. Tulivua hadi maji yakasimama. Nilipata samaki mwingine mmoja na nikapoteza ndoana mbili, na mwanzi wangu nikampa yule mwanamke wa kanga, aliyesema ataanikia nguo.

Kurudi. Njia ni ileile na vumbi lilelile, ila safari hii kila kizuizi baada ya Rusumo kilionekana kirefu zaidi. Kijana mmoja asiye na sare, mwenye rungu, ndiye aliyekuwa akisoma vitambulisho, na askari alikuwa amekaa kivulini akimwachia. Nilikitoa changu kwa mkono wenye kidole kilichovimba. Sikuwa na hasira. Nilikuwa nimechoka tu, uchovu wa mtu ambaye amekwisha kuamua na bado hajafika.

Nyamirambo, nyumbani, jua likiwa bado limesimama. Nilipanda kutoka barabarani nikipanga maneno ya kumwambia Mariamu. Nilijua atalia kwa ajili ya nyumba. Nilikuwa nimeandaa jinsi ya kumbembeleza, kuanzia bahari, kisha wajukuu, kisha mwisho kabisa suala la sufuria za Bi Tatu. Nikafika barazani. Cherehani haikuwapo mahali pake. Kichwa chake kilikuwa kimefunguliwa kutoka mezani, kimefungwa kwa blanketi na kamba, tayari kwa kubebwa. Zile nguo za kwenye kamba zilikuwa zimekunjwa, kila moja na jina la mwenyewe kwenye karatasi, zimepangwa ziachwe kwa jirani kwa ajili ya atakayerudi. Suti ya bwana harusi ilikuwa juu.

"Umeanza lini kufunga?" nikamuuliza.

"Siku ulipopanda lori," akasema Mariamu. "Na kabla ya hapo nilikuwa nafunga moyoni."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe ndiye mwenye nyumba," akasema. Halafu akanitazama usoni, na nadhani aliona kitu, kwa sababu aliongeza, "Nilikuwa naogopa, Saidi. Kila siku. Na nilikuwa nakusubiri wewe."

Miaka yote ile nilidhani nyumba yangu ina amani kwa sababu hakuna anayenipinga. Nikachukua blanketi la pili nikaanza kufungia sufuria. Mke wangu aliniangalia kidogo, kisha akainyoosha mikono.

"Sivyo hivyo," akasema. "Lete."

Basi hivyo ndivyo mlango ulivyofungwa. Sasa nashona kwenye baraza la mkwe wangu, mvua ikinyesha tunaibeba cherehani ndani na hatuenei, na juu ya sufuria wamekwisha kugombana. Alasiri naenda gatini. Najua wengi wenu hapo mtaani mnasubiri mtu awaambie, na kila mmoja anaona haya kumwambia mwenzake. Mimi nimefundishwa kuacha haya hiyo, kwa hiyo nawaambia. Boya acheni huko. Nafasi hakuna. Njooni.